Mbwa yuko Mbeya, wewe uko Stuttgart: nani amtembeze?

Umejenga Isyesye, Mbeya, au Gangilonga, Iringa, ukazungusha ukuta, ukatia geti, kisha ukanunua mtoto wa German Shepherd kwa bei ambayo mama hajaambiwa mpaka leo. Jioni unapiga simu: "Mbwa katembezwa?" Upande wa pili kimya kidogo, halafu shemeji anajibu kwa upole kabisa: "Atembezwe aende wapi?"

Shemeji hakukejeli. Ameuliza swali la maana, na wengi wetu tulio nje hatuna jibu lake zaidi ya kusema kwamba huku ndivyo wanavyofanya. Msimamo wangu niuweke wazi mapema: mbwa anafuata ratiba ya anayeshinda naye uani, hafuati ya anayetuma hela. Ukitaka ratiba ibadilike, shughulika na yule mtu kwanza, ndipo umfikie mbwa.

(Na mtani yeyote aliyeanza kucheka kwa kuona Iringa na mbwa kwenye habari moja: kamwene, utani wa Wahehe na nyama ya mbwa tumeusikia, tuendelee.)

Huku kwenyewe hawajakubaliana

Tunapenda kuwaambia ndugu kwamba "wataalamu wanasema saa moja kila siku". Wataalamu gani? Sweden ina kanuni kwamba mchana mbwa asipitishe muda wa saa 6 bila kutolewa nje, lakini kutolewa si lazima kuwe kutembezwa kilomita kadhaa. Ujerumani, Agosti 2020, waziri wa kilimo wa wakati huo, Julia Klöckner, alipendekeza mbwa watolewe mara mbili kwa siku, jumla isipungue saa moja. Wenye mbwa wazee waligomba, wenye mbwa wadogo wa mapajani waligomba, na wengine wakauliza polisi watakaa na saa mlangoni kwa nani. Kanuni zilipoanza kutumika Januari 2022, hiyo saa moja haikuwamo. Kilichobaki ni kwamba mbwa apate muda wa kutosha nje, na kumweka mbwa akiwa amefungwa mnyororo kukakatazwa isipokuwa kwa masharti machache.

Wafundishaji nao wamegawanyika. Wapo wa mwendo mrefu, na wapo wanaosema dakika 20 za kunusanusa na kutumwa kazi ndogondogo zinamtuliza mbwa kuliko kukimbizwa barabarani. Kuna pia ile hesabu ya dakika 5 kwa kila mwezi wa umri, yaani mtoto wa miezi minne atembee dakika 20 tu. Inarudiwa sana japo haina utafiti wa maana chini yake. Ukweli ulio ndani yake ni mmoja: mbwa wa jamii kubwa asilazimishwe kukimbia mbio ndefu wakati viungo vyake bado vinakua.

Basi ukimpigia shemeji simu, usimpelekee sheria. Mpelekee sababu. Mbwa anahitaji kuchoka kidogo, kunusa vitu vipya, na kuzoea watu na kelele ili ajue nani wa kubwekewa. Namna ya kuvipata hivyo vitatu itapangwa huko huko Mbeya.

Rai za nyumbani

Rai ya kwanza ni ya wazee: mbwa afungwe mchana, afunguliwe usiku. Akizoea watu, atamlinda nani? Hoja hii ina mantiki yake, kwa kuwa wengi hawafugi mbwa kwa ajili ya kubembeleza, wanafuga kwa ajili ya wezi. Ila mbwa aliyefungwa tangu alfajiri anabwekea kila kitu: muuza maziwa, paka, upepo kwenye bati. Baada ya mwezi nyumba nzima imezoea na hakuna anayechungulia dirishani. Tena siku mnyororo ukikatika anamng'ata mtoto wa jirani, kwa sababu hakuwahi kumwona mtoto kwa karibu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamgusa mbwa sawa na ng'ombe, lakini mzee humshindi kwa kumtajia sheria. Mwambie hilo la mbwa anayebweka ovyo. Analijua.

Kama kumfunga hakuepukiki, wekeni waya mrefu wa kunyoosha kati ya nguzo mbili, mnyororo uteleze juu yake. Mbwa anapata mita kadhaa za kwenda na kurudi, kivuli na maji viwe ndani ya mzunguko huo. Fundi wa kuchomelea atamaliza kazi hiyo asubuhi moja.

Rai ya pili ni ya vijijini, na kwa upande wa mazoezi hakuna inayoizidi. Kule Rungwe mbwa wa kienyeji anaongozana na mwenye shamba kwenye migomba, anarudi amechoka, analala. Tatizo linakuja ukiihamishia mjini. Ilomba au Kihesa mbwa anayezurura atakutana na bodaboda, sumu, kuku wa watu, na mbwa wengine ambao hujui wamechanjwa au la.

Rai ya tatu ndiyo ninayobishana nayo zaidi, kwa sababu inatoka kwetu tulio nje: "Uwanja mkubwa, atakimbia mwenyewe." Hakimbii. Mbwa mzima akiachwa peke yake kwenye robo eka atazunguka ukuta asubuhi, atakojoa kwenye kona zake, kisha atalala mbele ya geti mpaka jua lizame. Uwanja unamsaidia pale tu mtu anapokuwa ndani yake akifanya naye kitu.

Atembezwe aende wapi, basi

Mbeya mjini, chagua barabara za ndani za mtaa na ukae mbali na barabara kuu ya Tanzam, ile ya kwenda Zambia. Malori na bodaboda wanaopita pembeni ni hatari kwa mbwa na kwa anayemshika. Saa ni muhimu kuliko njia. Wanafunzi wanatoka mapema, na mbwa mkubwa katikati ya watoto wa shule ni fujo: nusu wanakimbia, nusu wanaokota mawe. Ama atoke alfajiri kabla yao, ama asubuhi wakishaingia darasani, ama saa kumi na moja jioni kwenye mtaa uliotulia. Iringa, Gangilonga na mitaa ya jirani inafaa, ila usimpeleke kwenye jiwe lenyewe la Gangilonga jioni watu wanapokwenda kutazama mji.

Alfajiri kuna watu wanaokwenda msikitini. Kamba ivutwe fupi, mbwa apishwe upande wa pili wa barabara, asimnuse mtu kanzu. Hili lisimamie hata kama jirani hajawahi kulalamika. Na kamba isishikwe na mtoto hata siku moja, hata kama mbwa ni mpole, kwani mbwa wa mtaani wakimzingira mtoto hataweza kumwachia wala kumzuia.

Dakika 30 zinatosha kwa siku nyingi. Masika, ambayo kwetu yanaanza Novemba au Desemba na kwenda mpaka Aprili, kuna siku tope halitaruhusu. Hapo ndipo uwanja unapopata kazi. Kijana atawanye chakula kwenye nyasi badala ya kukimwaga kwenye sahani, amfiche mbwa kipande cha utumbo nyuma ya tofali akitafute, amwite kutoka mbali, amwambie akae, asubiri, aje. Ukimpata mtu aliyepitia kikosi cha mbwa na farasi cha Polisi, mlipe aje siku chache amfundishe kijana wako. Kijana akishajua, mbwa atajua.

Baridi nayo msiidharau. Juni na Julai Mbeya, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, inauma, na Njombe na Makete ndiyo usiseme. German Shepherd ana manyoya yake na kwa kweli anaishi vizuri huko kuliko Dar. Mbwa wa kienyeji mwenye manyoya mafupi anatetemeka. Banda liinuliwe kutoka sakafuni, mlango wake usielekee upepo, ndani ziwekwe nyasi kavu au magunia yanayobadilishwa.

Kabla ya kamba, sindano

Mazoezi yote haya yanasubiri chanjo ya kichaa cha mbwa. Mtoto wa mbwa huchanjwa kwa kawaida akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Hakikisha cheti kipo na umetumiwa picha yake. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa hiki duniani wameupata kwa mbwa, na dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna dawa ya kutegemea. Kila anayeishi kwenye nyumba hiyo ajue: akiumwa au kuparuzwa na mbwa yeyote, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Asipake mafuta ya taa wala majani, asisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Kwa watoto wa mbwa kuna ubishi mwingine. Ugonjwa wa parvo, ule wa kuhara damu, unaua haraka na virusi vyake vinakaa kwenye udongo miezi mingi, kwa hiyo madaktari wengine wa mifugo wanasema asitoke kabla ya kumaliza chanjo. Wengine wanasema umri wa wiki 3 hadi 14 hivi ndio anaojifunza dunia, ukimfungia utapata mbwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata. Mimi nakubaliana na wote wawili kwa njia rahisi: abebwe. Kijana ambebe mpaka gengeni, asikie pikipiki, aone watu, aguswe na mama muuza ndizi, bila kukanyaga chini.

Kupe ni wengi, hasa penye ng'ombe wa maziwa. Akirudi matembezini akaguliwe masikioni na katikati ya vidole, na dawa ya kupe inunuliwe kwa ushauri wa bwana mifugo. Na kwa wenye miparachichi, kokwa zilizoanguka ziokotwe. Mbwa akimeza moja inaweza kuziba utumbo.

Mlipe anayeshika kamba

Hapa ndipo mipango mingi inapokufa. Kijana aliajiriwa kumwagilia bustani na kufungua geti, sasa unamwongezea mbwa wa kilo 35 bila kumwongezea senti, halafu unataka video kila asubuhi. Atatoka mpaka kona, atapiga video, atarudi. Weka malipo ya mbwa mbali na mshahara, yajulikane ni ya mbwa. Mnunulie koti la mvua na viatu. Hela ya dagaa na unga usiichanganye na ya matumizi ya nyumba, maana mwezi ukibana mbwa ndiye atakayekula ugali mtupu, na wala usimlaumu mama kwa hilo. Pia amua mapema nani atashika kamba kijana akienda kwao Krismasi.

Ukirudi na mbwa wa huku

Uliza Wizara ya Mifugo na Uvuvi kibali cha kumwingiza kabla ya kukata tiketi, na andaa cheti cha afya na cha chanjo ya kichaa. Mbwa wa pua fupi, mashirika mengi ya ndege yanawakataa.

Kama unakwenda likizo na utarudi naye Ulaya, zingatia hili: Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya unaruhusu mbwa kuingia bila kipimo cha damu. Damu huchukuliwa angalau siku 30 baada ya chanjo, matokeo ya kinga dhidi ya kichaa yafike 0.5 IU (vizio vya kimataifa) kwa mililita, kisha unasubiri miezi mitatu. Kipimo hicho kikifanyika kabla hujaondoka Ulaya na kuandikwa kwenye pasipoti ya mbwa, ile miezi mitatu haikuhusu, mradi chanjo isikatike. Kwa Marekani, tangu Agosti 1, 2024 mbwa anayeingia lazima awe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi na umri usiopungua miezi sita, na anayetoka nchi kama yetu ana masharti ya ziada.

Kutoka Dar mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Kodi gari dogo, safiri kwa siku mbili, ulale Iringa. Mikumi barabara inakatiza hifadhini kama kilomita 50. Usisimame mbwa akajisaidie humo, na funga vioo. Mbung'o wapo, na ugonjwa wa ndorobo wanaoueneza unamuua mbwa kama unavyoua ng'ombe. Mkojo usubiri Mikumi mjini.