Oksaidi ya zinki yenye kobalti: soma rangi na eksirei kabla ya grafu ya Tauc

Sampuli ikitoka tu kwenye tanuri, wengi hukimbilia grafu ya Tauc (ya ufyonzaji wa mwanga dhidi ya nishati) ili wapate namba ya pengo la nishati, yaani nishati ndogo kabisa ambayo elektroni inahitaji ili iruke na kuweza kupitisha umeme. Kwa oksaidi moja safi, sawa. Kwa mchanganyiko, namba hiyo haikuambii kitu mpaka ujue kama kobalti imeingia ndani ya fuwele ya zinki au imejitenga kivyake.

Hatua ya 1: rangi. ZnO (oksaidi ya zinki) ni nyeupe. Kobalti ikikalia nafasi za zinki, unga huwa kijani, kile kijani cha Rinman ambacho watengeneza rangi wanakijua tangu karne ya 18. Ukiona weusi weusi, shuku Co3O4, oksaidi ya kobalti iliyojitenga kivyake.

Hatua ya 2: eksirei. Kwa mionzi ya shaba (nm 0.15406), vilele vikuu vya ZnO huwa karibu na nyuzi 31.8, 34.4 na 36.3 za 2θ (pembe ambayo eksirei hupinda ikitoka kwenye sampuli). Balaa ni kwamba Co3O4 nayo ina vilele karibu na 31.3 na 36.8, hivyo kilele chake kidogo hujificha ubavuni mwa kikubwa. Usipoteze muda hapo. Pima polepole, hatua ndogo ndogo, karibu na 44.8 na 59.4, ambako ZnO haina kitu. Wala usingoje vilele vihame ndipo uamini kobalti imeingia: ioni za Zn2+ na Co2+ zinakaribiana mno kwa ukubwa.

Hatua ya 3: ukubwa wa fuwele. Tumia fomula ya Scherrer: D = 0.9λ/(β cosθ), ambapo D ni ukubwa wa fuwele, λ ni urefu wa wimbi la eksirei na β ni upana wa kilele. β iwe kwenye radiani, na θ ni nusu ya 2θ. Kilele cha 36.3 chenye upana wa nyuzi 0.40 (radiani 0.00698) kinatoa kama nm 21. Toa kwanza upana unaotokana na mashine yenyewe.

Hatua ya 4: mwanga. Kwa unga, pima uakisi (R), halafu ugeuze kuwa kipimo cha ufyonzaji: F(R) = (1−R)²/2R. R ni sehemu ya 1, si asilimia! Nishati (E) kwa eV ni 1240 gawanya kwa λ ya mwanga kwa nm. Chora (F(R)·E)² dhidi ya E: hiyo ndiyo grafu ya Tauc. Refusha sehemu yake iliyonyooka kwa mstari hadi sifuri, usome pengo hapo. Angalia pia mabonde ya uakisi karibu na nm 567, 612 na 655: hayo ni ya Co2+ iliyozungukwa na oksijeni nne, ushahidi mzuri kwamba imeingia.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimepata pengo la eV 2.9 badala ya 3.3. Kobalti ndiyo imepunguza pengo?*
Inaweza kupunguza, ila kobalti hufyonza mwanga pia chini ya ukingo wa ZnO, na mkia huo huvuta jibu chini. Chora mstari wa pili juu ya mkia, usome pale mistari miwili inapokutana, si kwenye sifuri.

*Na TiO2 (oksaidi ya titani), nitumie kipeo cha 2 kwenye (F(R)·E)²?*
Kwa anatase, moja ya aina za fuwele za TiO2, hapana, tumia ½. Tarajia karibu eV 3.2.

*Scherrer inanipa nm 40, hadubini ya elektroni inaonyesha 300. Nani mkweli?*
Wote wawili. Scherrer inapima fuwele mojamoja. Hadubini imekuonyesha chembe, na chembe moja inaweza kuwa fuwele nyingi zilizogandana.