Somo: Kukamua mawese kwa kuni chache, faida ikabaki mfukoni

Kwa muda mrefu nilikuwa nawalipa watu wawili siku moja: mmoja ananiletea kuni, mwingine anazoa makapi ya ngazi, yaani matunda ya mchikichi, akayatupe bondeni. Sikuona kichekesho chake mpaka asubuhi moja kuni zilipochelewa, na yule mzoaji akawasha makapi makavu ili achemshie chai yake. Akaniita: "Bosi, haya mbona yanawaka kuliko kuni zako?"

Somo hili ni kwa sisi wenye vinu vidogo hapa Kigoma: mapipa mawili matatu, kinu cha mkono au cha injini, mikungu inunuliwe kwa majirani, madumu yauzwe mjini au yapande treni. Mwenye kiwanda kikubwa ana mainjinia wake.

Hatua ya kwanza ni daftari. Usinunue kitu bado. Kwa wiki mbili andika kila siku kilo za mikungu uliyopokea (azima mizani kama huna), kilo za kuni ulizochoma na madumu uliyojaza. Gawa kuni kwa madumu. Namba hiyo mimi naiita "kuni kwa dumu", na ndiyo bosi wako kuanzia leo. Mwenye injini aongeze dizeli kwa dumu. Bila hiyo utajenga jiko zuri, utapigwa picha, na hutajua kama limekusaidia.

Hatua ya pili: ngazi zisilale. Wengi wetu tunarundika mikungu siku tano, hata wiki, ili ngazi zipukutike zenyewe. Kazi inakuwa nyepesi, sikatai. Lakini tunda likishachubuka, kimeng'enya kilichomo ndani kinaanza kuyavunja mafuta na kuzalisha asidi, na hakipumziki mpaka ukiue kwa joto. Katika biashara ya mawese ghafi duniani kiwango kinachokubalika kwa kawaida hakizidi asilimia 5 ya asidi hiyo. Yakizidi sana yanakwaruza koo na mnunuzi anakupa bei ya sabuni. Kuni zilezile, dizeli ileile, shamba lilelile, umeuza kwa hasara. Pasua mkungu kwa shoka uwe vichala, funika kwa turubai usiku mmoja au miwili, kisha pigapiga; nyingi zitapukutika. Zile zinazong'ang'ania zirudishe chini ya turubai, usiusubirishe mzigo wote kwa ajili yake.

Hatua ya tatu ndiyo yenye pesa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tulivyozoea, tunajaza pipa ngazi, tunamimina maji mpaka yazifunike, tunachochea. Sasa fanya hesabu. Kuchemsha lita 100 za maji ya kawaida mpaka yaanze kutokota, kama joto lote lingeingia kwenye maji, kilo 2 hivi za kuni kavu zingetosha. Mafiga ya wazi hayafanyi hivyo. Katika kila sehemu kumi za joto, moja au moja na nusu tu ndiyo inayoingia kwenye pipa. Nyingine inakupasha wewe na kuku wako. Kwa hiyo kilo 2 zinageuka kilo 13 hadi 20, na hapo ngazi zenyewe hatujazihesabu. Kama kuni ni mbichi, karibu nusu ya uzito uliolipia ni maji, na moto wako unaanza kwa kuyakausha hayo kabla haujakufanyia kazi yoyote.

Marekebisho ni matatu. Anika kuni, zilizopasuliwa, chini ya paa lenye upepo, miezi miwili au zaidi kabla ya kuzichoma. Nunua za msimu ujao sasa hivi. Ndani ya pipa weka kichanja cha nondo, kama kiganja kimoja kutoka chini, mimina maji yasifike kwenye kichanja, kisha jaza ngazi juu yake. Zitaiva kwa mvuke, kama unavyopika ndizi kwa maji machache na kuzifunika vizuri. Funika kwa magunia yaliyolowa na bati juu yake. Usifunge pipa likabana! Mvuke usipopata pa kutokea pipa linapasuka, na watu wanaungua. Angalia maji kila mara yasikauke, ongeza yaliyo moto tayari.

Kisha jenga jiko la tofali na udongo lililozungushia pipa, nafasi ya vidole viwili kati ya ukuta na pipa ili moto upande ukiligusa, na bomba la moshi. Mafundi wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanajua kazi hii, na fundi wa kijiji akionyeshwa mara moja anaiweza.

Hatua ya nne: choma ulichokuwa unatupa. Kwenye kinu cha kisasa, tani 1 ya mikungu ya tenera, ile mbegu chotara yenye ganda jembamba, huacha takriban kilo 220 za mikungu mitupu, kilo 130 za nyuzi (makapi ya ngazi zilizokamuliwa) na kilo 60 za maganda ya kokwa. Dura yetu ya zamani ina ganda nene, kwa hiyo maganda ni mengi zaidi na mafuta ni kidogo. Nyuzi bado zina mafuta ndani yake, ndiyo maana chai ya mzoaji iliiva upesi. Zianike juani siku mbili. Maganda yaweke moto ukishakolea. Yanakaa kama mkaa. Ila usichome mise iliyomo ndani ya kokwa. Pasua kokwa, mise ikamuliwe mafuta ya sabuni, mashudu yake yaende kwa nguruwe au ng'ombe. Mikungu mitupu irudi shambani, itandazwe safu moja kuzunguka mchikichi. Usiirundike, kwa sababu rundo linalooza ni nyumba ya wale mbawakawa wenye pembe wanaotoboa kilele cha mti.

Hatua ya tano: maji machafu. Hapa sitawadanganya kwamba kuna utajiri. Maji ya kahawia yanayobaki baada ya kuenguliwa mafuta, yakitoka kwenye kinu kikubwa, mzigo wake wa uozo ni takriban mara mia ya maji taka ya nyumbani. Ya kwetu yanatofautiana, lakini ni ndugu mmoja. Yakiingia mtoni vijidudu vinavyoyaozesha vinakula oksijeni yote. Na ziwa letu la Tanganyika, pamoja na kina chake cha takriban mita 1,470, lina oksijeni kwenye tabaka la juu tu. Ukishuka chini ya mita 100 hadi 200 hakuna samaki wa kuvua. Dagaa na migebuka wote wanaishi kwenye hilo tabaka la juu, na mto Luiche unamwaga hapohapo karibu na Ujiji. Chimba mashimo matatu yanayofuatana, mbali na kisima na kijito, udongo ukiwa wa kichanga yasiribe kwa mfinyanzi. La kwanza engua mafuta yanayoelea kila jioni. Hayo ni ya sabuni na yatalipa sehemu ya mchimbaji. La pili na la tatu ni la kutulia. Ukipika ngazi kwa mvuke maji haya yenyewe yanapungua, ndiyo maana nimeiweka hatua hii baada ya ile ya pipa.

Hatua ya sita, usafiri na vyombo, kwa kifupi. Gari likienda kijijini kuchukua mikungu lisiende tupu. Lipeleke mashudu, majivu, madumu matupu. Dumu la lita 20 hubeba kama kilo 18 za mawese, na likioshwa kwa maji moto na sabuni likakauka linarudi kazini mara nyingi. Weka amana kwa mteja, akirudisha dumu mpe punguzo. Dumu lililowahi kubeba dawa ya shamba usiliguse hata kwa bure. Kwa mzigo wa Tabora au Dar es Salaam, treni inatumia mafuta kidogo sana kwa tani kuliko lori. Sisi ni mwisho wa reli tangu 1914, tungekuwa wa kwanza kuitumia. Ubaya wake ni kwamba mtu mmoja hajazi behewa. Jiungeni.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Mama wa Simbo: Mwalimu, nimejaribu makapi, moshi umenifukuza kinuni. Nimekosea wapi?

Jibu: Mama, mambo mawili. Yalikuwa na unyevu, na uliyajaza kwa pamoja yakaziba hewa. Weka wavu wa chuma chini ya moto ili hewa ipite kutoka chini, yatie kwa konzi ndogondogo. Ukiona moshi mweusi bombani, unapoteza nishati angani.

Kijana wa Mwandiga: Kaka, sina mtaji hata wa tofali. Nianzie wapi?

Jibu: Mfuniko na kuni kavu. Gunia, bati chakavu na kibanda cha nyasi. Fanya hayo mwezi mmoja, linganisha kuni kwa dumu, tofauti yake ndiyo itakununulia tofali.

Mzee wa Ujiji: Nina michikichi yangu ya dura tangu marehemu baba. Nikiokota kokwa chini ya tenera ya jirani nikapanda, si nitapata tenera bila gharama?

Jibu: Hapana, mzee wangu. Tenera ni mtoto wa dura na pisifera, aina isiyo na ganda. Ukizalisha tenera kwa tenera, robo ya miche inarudi kuwa dura, nusu ni tenera, na robo ni pisifera, ambayo kwa kawaida haizai matunda ya maana. Utakuja kugundua baada ya miaka mitatu minne ya palizi. Chukua miche kwa TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo, au kwa wazalishaji wanaotambuliwa, na panda kwa awamu kwenye shamba lilelile la zamani. Tenera inatoa mafuta mengi kwa eneo dogo, ndiyo sababu huna haja ya kufyeka msitu mpya.

Dada wa Kigoma mjini: Kuna mtu ananiuzia cheti cha kimataifa cha mawese ya kijani. Nilipie?

Jibu: Kabla ya kulipa muulize ni mnunuzi gani anayekitaka. Mpango wa RSPO, wa kuthibitisha mawese yasiyoharibu mazingira, upo tangu 2004 na una maana kwa anayeuza nje kwa kampuni kubwa. Mteja wako wa hapa mjini, Mwanga na Gungu, anaangalia rangi, harufu na alama ya ubora ya TBS. Anza na hiyo.

Kijana wa Mwandiga tena: Kaka, niseme ukweli, haya ya mazingira si ya wafadhili? Wakiondoka na sisi tunarudi kwenye mafiga.

Jibu: Mradi ukiondoka, daftari linabaki. Kuna hatua zinazojilipa zenyewe: mvuke, kuni kavu, makapi, ngazi zisizolala. Mashimo ya maji hayajilipi, nimeshasema. Mimi niliyachimba baada ya majirani wa bondeni kuja watatu asubuhi, bila hasira, na ndoo moja ya maji waliyoyateka. Waliiweka chini mlangoni, wakaomba niionje.

Mama wa Simbo: Na majivu?

Jibu: Yana potasiamu. Konzi mbili kwa kila mchikichi, mbali kidogo na shina, mvua zikianza. Yanayobaki mpelekee anayepika sabuni, atakupa kipande.