Kuufuatilia ukoo wa Sutcliffe

Mume wangu ni wa ukoo wa Sutcliffe, wenye asili ya Uingereza, na wanangu huniuliza walitokea wapi. Usianzie kwa wafalme, tafadhali. Anza na bibi aliye hai. Kisha rudi nyuma: vyeti vya serikali vya kuzaliwa, ndoa na vifo huko Uingereza vinaanzia Julai 1837, sensa ya kwanza yenye majina ya watu ni ya 1841, kabla ya hapo shika rejesta za parokia, yaani vitabu vya kanisa vya ubatizo, ndoa na mazishi, alizoamuru Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, mwaka 1538. Tafuta Sutcliff na Sutclife pia. Makarani waliandika walivyosikia. Ukiyaweka majina ya sensa ya 1881 kwenye ramani, utawaona wamerundikana Halifax na Heptonstall, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, mabonde ya wafumaji wa sufu. Wengine walivuka milima kwenda viwanda vya pamba vya Lancashire. Waliohamia Marekani na Australia, wasake kwenye orodha za abiria wa meli.