Haibridi inachemsha? Kabla hujanunua pampu, jua kwanza ni maji yapi yamesimama

Naandikia watu wa Toyota Prius, Aqua na Fielder haibridi, zile gari za petroli na umeme pamoja, maana hapa Uganda zimekuwa nyingi na bado mafundi wengi wanazishika kama Premio ya zamani. Gari inachemsha, fundi anasema ni pampu, unashuka Kisekka, soko la spea Kampala, unanunua, inafungwa, kesho taa ya onyo imerudi. Na pesa imeshaenda.

Shida ni kwamba hizi gari zina njia mbili za kulanti, yaani maji ya kupoozea, ambazo hazikutani. Moja ya injini, nyingine ya inveta, lile boksi la umeme mkubwa kwenye boneti, na kila moja ina tanki lake na pampu yake. Prius ya kuanzia 2009 yenye injini ya 1.8, pamoja na Aqua, hata pampu ya injini ni ya umeme, hakuna mkanda wa kuizungusha, kwa hiyo usingoje mkanda upige kelele, inakufa kimyakimya. Alafu dashibodi haina mshale wa temperecha, taa nyekundu ikiwaka ujue joto limeshapanda sana.

Ndio maana nasema kila mwenye haibridi awe na kale kaskana kadogo ka Bluetooth, kanachomekwa chini ya stelingi, unasoma joto la injini na makosa ya gari kwenye simu. Injini ikiwa sawa inacheza digrii 85 mpaka 95 hivi, kwenye jam inaweza kupanda kidogo. Ikipita 105 na bado inapanda, paki pembeni, zima. Na usifungue mfuniko ikiwa moto, tafadhali, hayo maji yanaunguza watu uso.

Sasa tenganisha. Temperecha ya injini imepanda, taa nyekundu ya joto imewaka: hiyo ni njia ya injini, na namba za kosa la pampu yake ambazo skana inatoa mara nyingi ni P261B au P148F. Lakini kama injini iko sawa ila imewaka pembetatu nyekundu, gari inakwambia mfumo wa haibridi una shida na nguvu imekata, skana ikitoa P0A93 basi angalia upoozaji wa inveta.

Pampu ya inveta ni rahisi kuiangalia. Gari ikiwa baridi fungua tanki la inveta, mwenzio akanyage breki abonyeze Power mpaka READY iwake, gia ibaki P. Mulika na tochi, maji yanatakiwa yachezecheze. Yametulia tuli? Angalia kwanza fyuzi na plagi ya pampu kama imeshika kutu, na kama kuna hewa imenasa, ndio uilaumu pampu. Mikono iwe mbali na feni kwa sababu injini inaweza kujiwasha yenyewe, na nyaya za rangi ya machungwa usiziguse kabisa, huo umeme unaua.

Ya injini inataka akili zaidi. Washa hita mpaka mwisho, injini ikifika 85 na hewa bado inatoka baridi, basi maji yamepungua au hayazunguki. Pia sikiliza ni wapi inachemkia: kama inachemka kwenye jam ya Jinja Road lakini ukikimbia inapoa, shuku feni au rejeta (ile inayopoozea maji mbele ya gari) iliyoziba vumbi na wadudu. Kama inachemka kwenye milima ya kwenda Kabale, hapo ni pampu, thamostati (mlango unaoruhusu maji kwenda kwenye rejeta), rejeta iliyoziba ndani, au gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini.

Hiyo gasketi isisahaulike, hasa Prius ya 1.8. Ukiona kulanti inapungua na hakuna panapovuja, asubuhi injini ikiwaka inatetemeka kwa sekunde chache, au mapovu yanatoka tanki la injini bila kukoma, hapo hata ufunge pampu mpya ya Toyota utakuwa umechemsha pesa. Pima gasketi kwanza.

Ukibadilisha pampu, weka kulanti ya pinki ya Toyota iliyochanganywa tayari, siyo maji ya kisima, yanaleta kutu na chokaa kwenye vijia vyembamba. Toa hewa yote, fundi asiharakishe hapa, maana hewa ikibaki gari itachemka tena na watu watasema pampu mpya ni feki.

Alafu usiichukue gari papo hapo. Ipandishe kilima na skana iko wazi, irudishe, iache ilale, asubuhi ikiwa baridi angalia matanki yote mawili, ikishuka kidogo ongeza, ikishuka tena siku inayofuata rudi kwa fundi mtafute inapoenda.