Kahawa ya kuletewa kila mwezi: usiiharakishe

Ukilipia kahawa ya punje ya kuletewa nyumbani, tafuta kwenye mfuko tarehe ya kukaangwa, si ya kuisha muda. Iliyokaangwa kidogo, kama nyingi za Nyeri au Kilimanjaro, iache siku 7 hadi 14 tangu ikaangwe. Kabla ya hapo bado inatoa gesi, maji hayapenyi sawasawa na ladha inapwaya.

Saga gramu 15 kwa mililita 250 za maji yaliyotoka kuchemka, chuja kwa karatasi kama dakika 3. Ikiwa na ukali wa ndimu, saga laini zaidi. Ikiwa chungu, saga chenga kubwa kidogo. Badilisha usagaji peke yake, vingine viache vilevile, la sivyo hutajua kilichosaidia. Friji hapana kabisa: punje hunyonya unyevu na harufu ya vitunguu.