Umehama na maombi yako ya uhamiaji Marekani bado yanasubiri? Badilisha anwani hivi

Kibali changu cha kazi kilipelekwa kwenye nyumba niliyokuwa nimeihama wiki tatu kabla, kikarudishwa kilikotoka. Na si kwamba sikutoa taarifa. Nilijaza fomu AR-11 ya karatasi, ile ya kutaarifu kwamba umehama, nikaiweka posta siku ya nne baada ya kuhama, nikajua nimemaliza. Kwa upande wa sheria nilikuwa nimemaliza kweli. Ila anwani kwenye maombi yenyewe ilibaki ya zamani, kwa sababu fomu ile ya karatasi haigusi maombi yanayosubiri. Nilikaa wiki saba bila kazi, na mwajiri aliyekuwa ananisubiri akamchukua mtu mwingine. Naandika haya ili mwenzangu unayefunga maboksi leo yasikupate.

Sheria kwanza, kwa ufupi. Kila asiye raia anayeishi Marekani anatakiwa kuitaarifu USCIS, idara ya serikali inayoshughulikia maombi ya uhamiaji, ndani ya siku 10 tangu ahame. Mwenye grini kadi yumo, anayesubiri hifadhi yumo, mwanafunzi yumo. Wasiohusika ni wenye viza za A na G, yaani wanadiplomasia na watu wa mashirika ya kimataifa, pamoja na wageni walioingia kwa mpango wa kutohitaji viza. Kila mtu katika familia ana taarifa yake, hata mtoto mchanga; baba akijaza yake peke yake hajamjazia mke wala watoto. Na ni bure. Ukikuta tovuti au mtu anakudai pesa ili "akufungulie" fomu ya kubadilisha anwani, funga na uondoke. Tovuti ya serikali inaishia na .gov.

Sasa njia ya kufuata. Usitume karatasi kama unaweza kuingia mtandaoni. Tangu 2023 ukiwa na akaunti ya USCIS kuna sehemu moja ya kubadilisha anwani inayofanya kazi mbili kwa pamoja: inatimiza AR-11 na inahamisha anwani kwenye maombi yako. Hata kama maombi uliyatuma kwa karatasi, fungua akaunti.

Kabla hujakaa kwenye kompyuta, toa karatasi zote za I-797C ulizotumiwa, zile za kuthibitisha kwamba maombi yamepokelewa. Kila moja ina namba ya risiti: herufi tatu na tarakimu kumi. Zipange mezani. Hapa ndipo watu wengi wanateleza. Unaweza kuwa umeomba grini kadi, kibali cha kazi na hati ya kusafiria kwa mara moja, ukadhani una ombi moja. Hapana, hayo ni matatu, kila moja na namba yake. Ukihamisha moja ukaacha mbili, hizo mbili zitaendelea kuandika barua kwa mpangaji aliyekufuata. Soma namba moja baada ya nyingine, hakikisha zote zimeingia. Ukimaliza utaonyeshwa uthibitisho. Upige picha au uuchape, uweke pamoja na risiti zako. Siku chache baadaye ingia tena uangalie kama anwani mpya imeshika. Kama haijashika, piga kituo cha huduma cha USCIS, 800-375-5283, na namba za risiti ziwe mkononi.

Kuandika anwani nako kunataka utulivu. Namba ya apatimenti ina kisanduku chake. Usiibane kwenye mstari wa mtaa. Jengo lina milango arobaini, na barua isiyo na namba ya mlango inarudi. Mimi kabla ya kuandika chochote huingia kwenye tovuti ya posta, USPS, sehemu ya kutafuta msimbo wa posta, naweka anwani yangu, kisha nainakili vilevile posta inavyoiandika, vifupisho na yote.

Kama umepokewa kwa ndugu, kuna mstari wa C/O. Andika hapo jina la mwenye nyumba, kwa sababu sanduku la barua lina jina lake, si lako. Na kama bado unahangaika na makazi, leo huku, mwezi ujao kule, fomu zinatofautisha mahali unapoishi na mahali unapopokelea barua. Unaweza kuweka anwani ya barua kwa mtu unayemwamini asiyehamahama, huku ukitaja kwa ukweli unapolala.

Kisha shuka uende kwenye sanduku lenyewe. Nilipofungua langu jipya nilikuta ndani kumebandikwa kikaratasi chenye jina la mpangaji aliyeondoka, wino umeshafifia. Nilikibandua, nikaandika majina yetu yote. Nasisitiza yote, maana familia zetu nyingi baba ana jina lake la mwisho, mama lake, na watoto wamepewa majina ya babu zao. Sisi ni watu watano wenye majina manne. Mtu wa posta hawezi kujua kwamba hao wote ni wa mlango mmoja usipomwandikia.

Posta nayo iambie umehama, ili barua za benki na hospitali zikufuate. Lakini usiitegemee kwa barua za uhamiaji. Kadi hutumwa kwa bahasha yenye agizo la kurudishwa kwa mtumaji kama mhusika hayupo kwenye anwani hiyo, kwa hiyo hata ukiwa umejiandikisha kuhamishiwa barua, kadi haihamishwi. Jisajili pia kwenye Informed Delivery, huduma ya bure ya USPS inayokutumia kila asubuhi picha za bahasha zinazokuja kwako siku hiyo. Na kama hali ya ombi lako mtandaoni tayari inasema kadi inatengenezwa, basi ongea na mwenye nyumba ya zamani au jirani mnayeelewana, umwombe akuwekee macho kwenye sanduku, na uwe unapita. Mabadiliko ya anwani yanaweza yasiiwahi kadi iliyokwisha kuandikiwa bahasha.

Zaidi ya kadi, ogopa kupitwa na wito wa alama za vidole. Usipofika bila kutoa taarifa, ombi linaweza kuhesabiwa umelitelekeza. Kama tarehe haikufai kwa sababu umehamia mbali, omba ibadilishwe kupitia akaunti yako kabla ya siku yenyewe, sio baada. Ukihamia jimbo jingine, faili lako la mahojiano linaweza kupelekwa kwenye ofisi ya huko, kwa hiyo jipe muda.

Wenye kesi mahakamani, someni hapa mara mbili. Mahakama ya uhamiaji si USCIS, na moja haimwambii mwenzake. Mahakama ina fomu yake, EOIR-33, na muda wake ni siku 5 za kazi au chini. Yaani usihesabu, ijaze siku unayohamia. Kila mwenye kesi katika familia anajaza yake, na nakala inaenda kwa mawakili wa serikali. Wito wa kusikilizwa ukienda nyumba ya zamani na wewe usitokee, hakimu anaweza kutoa amri ya kukuondoa nchini bila wewe kuwepo. Ndugu zetu wengi wanaoomba hifadhi mahakamani wana kibali cha kazi kinachoshughulikiwa na USCIS. Hao wanatakiwa kutaarifu pande zote mbili. Kama una wakili, mwambie na yeye siku hiyohiyo.

Kuna wengine wachache wa kutajwa. Aliyesaini I-864 kumdhamini mtu, akihama anajaza I-865 ndani ya siku 30, hata kama yeye ni raia. Mwanafunzi wa F-1 apite kwa ofisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni ndani ya siku 10, ndiye anayeingiza anwani kwenye mfumo. Na waliowasilisha maombi kwa sababu ya kupigwa au kunyanyaswa nyumbani, au maombi ya viza za T na U, za waathirika wa usafirishaji haramu wa watu na wa uhalifu, wana utaratibu wa usiri wa kulinda anwani yao. Wamuulize wakili wao kwanza, wasikimbilie mtandaoni.

Na kama umeshachelewa, kadi imesharudishwa? Ukiangalia hali ya ombi utaona imeandikwa kwamba kadi haikuweza kufikishwa. Usikae ukisubiri ijitume yenyewe. Tangu Aprili 2018, kadi iliyorudishwa inaharibiwa baada ya siku 60 za kazi kama mwenyewe hajatoa anwani sahihi, na hapo unaanza kuomba nyingine. Rekebisha anwani siku hiyohiyo, kisha piga simu au tumia ombi la mtandaoni la nyaraka ambazo hazikufika, ueleze kwamba unataka itumwe tena. Andika tarehe uliyopiga na namba ya rejea uliyopewa. Mimi nilipiga mara tatu. Mara ya tatu ndipo niliposomewa anwani yangu kutoka kwenye faili, pamoja na namba ya mlango, na siku kumi na moja baadaye nikaiona bahasha kwenye picha ya asubuhi.