Nyumba Mpya Philadelphia: Kagua Msamaha wa Kodi Kabla ya Kusaini

Dalali akikwambia kodi ya majengo kwa nyumba mpya Philadelphia ni dola 93 tu kwa mwezi, usikimbilie kalamu. Kwa aliyezoea kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU, hata hizo ni nyingi. Kwa Philadelphia ni kidogo mno, na sababu ni kwamba jiji limeisamehe nyumba hiyo kwa miaka 10.

Msamaha unahusu jengo. Ardhi inatozwa tangu mwanzo. Nyumba mpya ambayo kibali cha ujenzi kiliombwa kabla ya 2022 husamehewa kodi yote ya jengo kwa miaka yote 10. Kibali kikiwa cha 2022 na kuendelea, msamaha ni asilimia 100 mwaka wa kwanza, 90 wa pili, 80 wa tatu, hivyo hivyo hadi uishe.

Tuchukue nyumba ya dola 400,000: ardhi 80,000, jengo 320,000. Kodi ni asilimia 1.3998 ya thamani. Mwaka wa kwanza unalipia ardhi pekee, kama dola 1,120. Kila mwaka unaofuata inapanda kwa karibu dola 448, na mwaka wa 11 unafika 5,599, yaani dola 467 kwa mwezi, hapo thamani ikiwa haijapanda, na mara nyingi hupanda. Kwa msamaha wa zamani hakuna ngazi: unatoka 1,120 hadi 5,599 kwa mkupuo mmoja. Benki inayokukusanyia kodi pamoja na marejesho ya mkopo itakuletea tu barua ya kiwango kipya.

Msamaha huifuata nyumba, si mwenye nyumba. Ukinunua kwa mtu aliyekaa miaka saba, umerithi mitatu. Ingia property.phila.gov, andika anwani, tazama jedwali la thamani mwaka kwa mwaka: lina safu ya jengo linalotozwa na ya jengo lililosamehewa. Hizo ndizo namba za kuamini, kisha mwombe mkopeshaji akupigie hesabu ya kodi kamili. Ikikulemea, nyumba hiyo si yako bado.

Unakarabati nyumba ya zamani? Kinachosamehewa ni thamani iliyoongezwa na ukarabati wenye kibali. Peleka ombi OPA, ofisi ya jiji inayothamini majengo, mara kibali kinapotoka. Usingoje hadi uhamie.

Zaidi ya nusu ya kodi hii huenda kwa shule za umma, ndiyo maana wazazi wengi hawaupendi msamaha huu, nami nawaelewa.

Kuna pia Homestead, punguzo la mwenye nyumba anayeishi humo, linaloondoa dola 100,000 kwenye thamani, sawa na kama dola 1,400 za kodi kwa mwaka. Huwezi kuwa na vyote viwili. Kwenye mfano wetu, mwaka wa nane msamaha unakuokolea 1,344 tu, chini ya Homestead. Ukifika hapo, waulize OPA kama unaweza kuuachia mapema.